Uzi maalumu: Kuchagua krosi za propela za gari la fowili kwa vipimo, si kwa jina la gari

Mleta mada

Wakuu, salamu kwenu nyote. Krosi ni kiungo cha umbo la msalaba kinachoiwezesha propela, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, kuzunguka ikiwa imepinda; ina mikono minne, na kila mkono umevikwa kikombe chenye sindano za beringi. Nimeona niandike uzi huu kwa kirefu kwa sababu swali la krosi ipi inafaa gari fulani hujirudia sana humu, na karibu kila mara hujibiwa kwa kutaja kampuni moja na kuishia hapo. Kampuni ina nafasi yake, nami nitaifikia, lakini haiwezi kuwa jambo la kwanza. Msimamo wangu ni kwamba krosi huchaguliwa kwa vipimo vilivyochukuliwa kwenye propela iliyo mbele yako, kwa pembe ambayo propela hiyo inafanyia kazi, na kwa kazi ambayo gari linafanya. Jina la gari na mwaka wake vinakusaidia kuanza kutafuta tu.

Gari la fowili huwa na angalau propela mbili, moja kutoka transfa, yaani kasha linalogawa nguvu mbele na nyuma, kwenda difu ya nyuma na nyingine kutoka transfa kwenda difu ya mbele. Krosi za mbele na za nyuma si lazima zilingane, na kwenye baadhi ya propela hata krosi ya ncha moja hailingani na ya ncha ya pili. Tena gari lililopita mikononi mwa wamiliki kadhaa linaweza kuwa na propela iliyotolewa kwenye gari la aina nyingine, au yoki (uma wa chuma unaoshika vikombe vya krosi) iliyobadilishwa na fundi aliyekuwa na sababu nzuri wakati ule. Kitabu cha vipuri kinakueleza kiwanda kilifunga nini, wala hakiwezi kujua kilichofungwa baadaye.

Kabla ya kununua chochote, thibitisha kwanza kwamba ni krosi iliyokufa. Zuia matairi kwa magogo au mawe, weka gia huru, toa breki ya mkono ikiwa inashika propela, kisha ingia chini ya gari, ushike propela kwa mkono mmoja na yoki kwa mkono mwingine, halafu uzungushe kila kimoja upande wake. Ukiona vikombe vinacheza ndani ya yoki, au mkono wa krosi unacheza ndani ya kikombe, hapo hakuna mjadala. Jaribu pia kuinua propela juu na chini karibu na kila jointi. Angalia kama kuna vumbi la rangi ya kutu pembezoni mwa sili, kwa maana vumbi hilo ni sindano za beringi zinazosagwa zikiwa hazina grisi. Usichanganye ulegevu huo na ule wa meno ya difu, ambao huonekana propela na yoki zikizunguka pamoja kidogo huku jointi yenyewe ikiwa imara.

Sauti nazo zina lugha yake. Mlio mkali unaofuata mwendo wa gari na kuongezeka gari linapoongeza kasi ni dalili ya krosi kavu. Kishindo kimoja unapotoka gia ya mbele kwenda ya nyuma, au unapoachia na kukanyaga tena mafuta, ni dalili ya ulegevu, ingawa ulegevu huo unaweza pia kuwa kwenye difu au kwenye meno ya kuteleza ya propela, yaani sehemu inayoiwezesha kurefuka na kufupika. Mtetemo wa propela hufuata mwendo wa gari hata ukibadilisha gia, tofauti na mtetemo wa injini unaofuata mizunguko ya injini. Tofauti yake na mtetemo wa tairi lisilo na balansi ni wepesi wake: propela huzunguka mara tatu hadi nne au zaidi kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, kulingana na uwiano wa difu, kwa hiyo mtetemo wake ni wa haraka na huhisiwa zaidi kwenye sakafu na kiti kuliko kwenye usukani.

Sasa vipimo. Ukishaitoa krosi ya zamani, isafishe na uipime kwa venia kalipa. Kipimo cha kwanza ni kipenyo cha kikombe, nawe upime vikombe vyote vinne, kwa sababu zipo krosi ambazo jozi moja ya vikombe ni kubwa kuliko jozi nyingine. Kipimo cha pili ni upana, na hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu namna ya kuupima inategemea mahali inapokaa klipu inayozuia kikombe kisitoke. Ikiwa klipu hukaa upande wa nje wa kikombe, kwenye mfereji uliochongwa ndani ya tundu la yoki, unapima kutoka mgongo wa kikombe kimoja hadi mgongo wa kikombe kilicho mkabala nacho. Ikiwa klipu hukaa upande wa ndani wa yoki, kwenye mfereji uliochongwa katika kikombe chenyewe, unapima umbali kati ya mifereji hiyo miwili. Krosi mbili zinaweza kuonekana sawa kabisa mezani, lakini moja ikawa ya klipu za nje na nyingine ya klipu za ndani, na ile isiyolingana na yoki yako haitafunga kamwe.

Kipimo cha tatu ni cha yoki, na wengi hawakichukui kabisa. Pima tundu lake katika pande mbili zinazokatana, ujue kama bado ni duara. Yoki ambayo tundu lake limekuwa la yai, kwa sababu kikombe kilizungukia humo kwa muda mrefu, haitashika krosi yoyote, hata iwe bora kiasi gani. Nimeona mafundi wakipiga alama za sentapanchi kuzunguka tundu ili kikombe kibane, au wakitia doa la kuchomelea. Njia hizo huharibu ulinganifu wa propela na kulazimisha kikombe kukaa upande, na krosi mpya hufa mapema ilhali lawama anaachiwa aliyeitengeneza. Yoki hiyo dawa yake ni kubadilishwa.

Nitoe mfano wa kwa nini kipimo kimoja hakitoshi. Spicer, jina linalotokana na Clarence Spicer wa Marekani aliyepata hataza ya jointi ya aina hii kwa ajili ya magari mwaka 1903, hutumia namba za mfululizo ambazo watengenezaji wengine wengi nao huzifuata. Krosi ya mfululizo wa 1310 ina kikombe cha takribani milimita 27.0 na upana wa milimita 81.8. Ya 1330 ina kikombe kilekile cha milimita 27.0, lakini upana wake ni milimita 92.1. Ya 1350 ina upana uleule wa milimita 92.1, lakini kikombe chake ni milimita 30.2. Ya 1410 inarudia kikombe cha 30.2 ikiwa na upana wa milimita 106.4, na ya 1480 ina upana huohuo wa 106.4 ikiwa na kikombe cha milimita 34.9. Mtu aliyepima kikombe peke yake hawezi kutofautisha 1310 na 1330, na aliyepima upana peke yake hawezi kutofautisha 1330 na 1350. Land Rover za zamani nazo zimetumia krosi za upana wa takribani milimita 75 na za milimita 82, kwa hiyo kuomba krosi ya Land Rover bila kipimo ni kubahatisha.

Nitaishia hapa kwa sasa ili maswali yaanze. Kuhusu nipeli, yaani vichuchu vya kutilia grisi, na krosi zilizofungwa moja kwa moja, najua ndiko mjadala utakakoelekea.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, ahsante kwa somo zuri. Ulivyobashiri ndivyo nitakavyouliza. Nimekuwa nikisikia pande mbili zinazopingana: wengine wanasema krosi yenye nipeli ya grisi ndiyo bora kwa sababu unaweza kuihudumia, wengine wanasema isiyo na nipeli ina nguvu zaidi. Gari langu hupita mitoni na kwenye matope mara kwa mara, na pia hubeba mzigo mzito. Je, nichukue ipi?

Mleta mada

Ndugu yangu, pande zote mbili zinasema kweli, ila kila upande unasema nusu.

Krosi yenye nipeli imetobolewa ndani ya mikono yake ili grisi ifike kwenye vikombe vyote vinne, na mara nyingi imetobolewa pia katikati mahali nipeli inapofungwa. Chuma kilichotobolewa hupoteza sehemu ya nguvu zake, na ufa, ukitokea, hupenda kuanzia kwenye tundu la nipeli. Krosi isiyo na nipeli, ikiwa imetengenezwa ikiwa chuma kizima, huvumilia nguvu kubwa zaidi ya mzunguko kwa ukubwa uleule, na sili zake kwa kawaida hubana zaidi kwa sababu hazikuundwa ziachie grisi ya zamani itoke. Udhaifu wake ni mmoja, nao ni mzito: maji yakishaingia, huna njia ya kuyatoa.

Krosi yenye nipeli hukuwezesha kusukuma grisi mpya ambayo hutoka na maji, mchanga na grisi iliyochoka. Kwa gari linalozama majini, uwezo huo nauthamini kuliko nguvu ya ziada. Kwa hiyo kwako wewe, kwa maelezo uliyotoa, ningechagua krosi yenye nipeli kutoka kwa mtengenezaji mzuri, kwa sharti kwamba utaitia grisi. Krosi yenye nipeli ambayo haitiwi grisi ni duni kuliko isiyo na nipeli, maana umechukua udhaifu wa tundu na kuacha faida yake. Anayejua kwamba hataingia chini ya gari na bomba la grisi, basi achukue iliyofungwa kabisa na aikague mara kwa mara.

Kuna jambo la mwelekeo ambalo hupuuzwa. Wakati wa kufunga, nipeli ielekee upande wa bomba la propela na si upande wa yoki ya difu au ya transfa, ili ncha ya bomba la grisi ipate nafasi. Baada ya hapo, kati ya nafasi zinazobaki, chagua ile inayofanya upande wenye nipeli ubanwe badala ya kuvutwa propela inaposukuma gari mbele. Chuma huvumilia kubanwa vizuri kuliko kuvutwa, na tundu lililo upande wa kuvutwa ndilo linalopasuka.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni fundi, na naomba niongezee kuhusu grisi kabla mada haijasonga. Watu hutia grisi mpaka waone imetoka kwenye sili moja, halafu wanaondoka. Grisi lazima itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kikikataa, sukuma propela upande wa pili wa kikombe hicho au izungushe kidogo huku ukiendelea kutia. Kikiendelea kukataa, njia ya ndani imeziba, na krosi hiyo ihesabiwe imeanza kufa hata kama bado haina ulegevu.

Grisi yenyewe iwe ya lithiamu ya daraja la NLGI 2 (kipimo cha ugumu wa grisi), inayovumilia shinikizo kubwa. Kwenye meno ya kuteleza ya propela, watengenezaji wengine huagiza grisi yenye molibdeni, kwa hiyo kitabu cha gari kisomwe. Na nipeli ya meno ya kuteleza isitiwe grisi kupita kiasi. Nafasi iliyo ndani ikijaa kabisa, propela haiwezi kujikunja ekseli inapopanda, nayo itasukuma beringi na sili za transfa na za difu. Mkiona propela inaanza kurefuka mnapotia grisi, acheni papo hapo.

Mleta mada

Fundi, umenena vyema, na sina la kupunguza hapo.

Mchangiaji wa tatu

Wakuu, mimi nimeinua gari langu kwa springi ndefu, na tangu hapo krosi ya nyuma upande wa difu haidumu. Nimebadilisha kwa krosi za kampuni tofauti na matokeo ni yaleyale. Kila mtu ananiambia nitafute krosi ngumu zaidi. Je, ipo krosi iliyotengenezwa maalumu kwa magari yaliyoinuliwa?

Mleta mada

Kaka, usinunue krosi nyingine kabla hujapima pembe. Naomba unisome kwa utulivu hapa, kwa sababu katika mada yote hii, hili ndilo linalowagharimu watu zaidi.

Jointi ya krosi moja, inapofanya kazi ikiwa imepinda, haipitishi mzunguko kwa mwendo ulio sawa. Upande unaosukuma ukizunguka kwa kasi isiyobadilika, upande unaosukumwa huharakishwa na kupunguzwa mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikiwa nyuzi 10, tofauti ni takribani asilimia 1.5 juu na chini ya kasi ya wastani. Ikifika nyuzi 20, ni takribani asilimia 6. Ikifika nyuzi 30, upande wa pili hushuka hadi asilimia 87 na kupanda hadi asilimia 115. Mnaona kwamba tofauti haikui sambamba na pembe, bali huongezeka kwa kasi kubwa kuliko pembe yenyewe. Gari lenye tairi la mzingo wa mita 2.4 na difu ya uwiano wa 4.1 likiwa katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, propela huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika, yaani mishtuko hiyo hutokea takribani mara 5,700 kila dakika.

Kinachookoa propela ya kawaida ni kwamba ina krosi mbili. Ikiwa pembe ya krosi ya transfa ni sawa na pembe ya krosi ya difu, na yoki mbili za propela zimepangwa katika mstari mmoja, basi kosa la krosi ya kwanza hufutwa na krosi ya pili. Zikipishana, kosa halifutiki, na tofauti inayobaki hugeuka kuwa mtetemo unaopiga krosi, beringi za difu na transfa. Lengo la kawaida ni pembe hizo mbili zilingane kwa tofauti isiyozidi takribani uzi mmoja. Unapoinua gari, pembe huongezeka, na mara nyingi haziongezeki kwa usawa, hasa ikiwa ekseli imezungushwa kidogo na viungo vipya au na kabari za springi.

Chukua kipimapembe, pima mwinamo wa yoki ya transfa, wa bomba la propela, na wa yoki ya difu, gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya matairi na si kwenye jeki. Tofauti kati ya yoki ya transfa na propela ndiyo pembe ya krosi ya kwanza, na tofauti kati ya propela na yoki ya difu ndiyo pembe ya krosi ya pili. Naamini utakuta hazilingani, au utakuta zinalingana lakini ni kubwa mno kwa mwendo wa barabara kuu. Katika hali ya kwanza, rekebisha mwinamo wa difu kwa kabari au kwa viungo vinavyorekebishika. Katika hali ya pili, suluhisho ni propela yenye jointi pacha upande wa transfa, yaani jointi yenye krosi mbili na kiungo cha katikati chenye gololi ya kuziweka sawa. Jointi hiyo hugawa pembe kwa krosi zake mbili na kufuta kosa lake yenyewe, kwa hiyo mpangilio wa difu nao hubadilika: pua ya difu inapaswa kuelekezwa moja kwa moja kwenye transfa ili krosi ya upande wa difu ibaki na pembe ndogo sana. Mtu akifunga jointi pacha na kuacha difu katika mwinamo wa zamani, ameongeza gharama bila kuondoa tatizo.

Nisahihishe pia imani nyingine inayohusiana na hili, kwamba pembe ya sifuri ndiyo bora kuliko zote. Krosi isiyopinda kabisa haizungushi sindano zake. Sindano hubaki mahali pamoja zikigonga palepale, na baada ya muda huchimba vijifereji kwenye mikono ya krosi. Pembe ndogo, hata ya nusu uzi au uzi mmoja, inatosha kuzifanya zitembee.

Mchangiaji wa tatu

Nashukuru sana, mkuu. Nimepima leo. Transfa na propela zinapishana kwa nyuzi 14, propela na difu kwa nyuzi 19. Sikuwahi kufikiria kupima.

Mleta mada

Basi chanzo umekipata. Tofauti ya nyuzi 5 haivumiliki, na hata ukizisawazisha, nyuzi zaidi ya 14 kila upande ni nyingi kwa gari linalokwenda mwendo wa barabara kuu. Shusha springi, au panga bajeti ya propela yenye jointi pacha pamoja na kurekebisha mwinamo wa difu kwa wakati mmoja.

Mchangiaji wa nne

Habari zenu. Mimi ni mama mwenye gari la kazi, si fundi, lakini nimefuatilia. Nimeambiwa propela ya gari langu haina klipu kabisa, vikombe vimefungwa kwa chuma kilichopondwa, na kwamba lazima nibadilishe propela nzima. Je, ni kweli au natapeliwa?

Mleta mada

Dada, inaweza kuwa kweli kabisa. Zipo propela ambazo kiwanda kilibana vikombe kwa kuponda kingo za yoki badala ya kuweka klipu, na kiwanda chenyewe huuza propela nzima. Zipo nyingine ambazo vikombe vimeshikiliwa na plastiki iliyosukumwa ndani ya mfereji. Hiyo ya plastiki hutolewa kwa kuipasha joto mpaka iyeyuke, na krosi ya kubadilisha huwa na mifereji ya klipu za ndani, kwa hiyo haimlazimu mtu kununua propela. Ile iliyopondwa ni ngumu zaidi. Karakana zenye mashine za propela zinaweza kuchonga mifereji kwenye yoki na kufunga krosi ya klipu, kisha zikaipima balansi upya. Ikiwa hakuna karakana ya namna hiyo unayoiamini, nunua propela nzima. Usikubali mtu akuponde yoki kwa patasi kienyeji, kwa sababu krosi hukaa nje ya kitovu na propela hupoteza balansi.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, uliahidi kuzungumzia kampuni. Pia kuna wanaosema tufunge krosi kubwa kuliko ya kiwanda ili tusihangaike tena.

Mleta mada

Kuhusu ukubwa, hesabu kidogo itasaidia. Injini yenye nguvu ya mzunguko ya nyutonimita 300, ikipitia gia ya kwanza ya uwiano wa 4 na transfa ya chini ya uwiano wa 2.5, hupeleka kwenye propela takribani nyutonimita 3,000. Katika mwendo wa kawaida kwenye gia ya nne isiyo na uwiano wa ziada, propela hiyohiyo hubeba 300. Tena, ikiwa mgawanyo wa mbele na nyuma umefungwa na matairi ya mbele yamepoteza mshiko, propela ya nyuma inaweza kubeba karibu zote peke yake. Hiyo ndiyo sababu krosi inayodumu miaka mingi barabarani inaweza kuvunjika siku moja kwenye jiwe, hasa dereva akikanyaga mafuta tairi likiwa hewani, kisha tairi hilo likashika ghafla.

Sasa ukiongeza ukubwa wa krosi, nguvu hiyo haipotei. Itatafuta sehemu dhaifu inayofuata, ambayo inaweza kuwa pinioni (gia ndogo inayoendesha difu) au shafti ya transfa. Krosi iliyovunjika hubadilishwa chini ya gari kwa vifaa vichache, lakini pinioni iliyovunjika inakuacha njiani. Kwa gari lisiloongezewa nguvu ya injini wala matairi makubwa, mimi hubaki na ukubwa wa kiwanda na kutafuta ubora. Kwa gari lenye matairi makubwa na difu iliyoimarishwa, kupanda hadi mfululizo mkubwa zaidi, kwa mfano kutoka 1310 kwenda 1350, kuna mantiki, ilimradi yoki za pande zote mbili zibadilishwe pia. Krosi za kuunganisha, ambazo jozi moja ya vikombe ni ya mfululizo mdogo na nyingine ni ya mfululizo mkubwa, zipo na zinafunga, lakini nguvu yake ni ya upande mdogo.

Kuhusu kampuni, Spicer, GMB, Koyo na Neapco ni majina yenye historia katika kazi hii. Tatizo ni kwamba boksi lenye jina zuri linaweza kubeba krosi isiyotoka huko. Kwa hiyo ikague krosi yenyewe. Vikombe vyote vilingane unapovipima. Uso wa mikono, mahali sindano zinapokimbilia, uwe laini kabisa usio na mistari ya mashine. Sindano zijae kikombe kizima bila nafasi ya kuingiza nyingine, na chini ya kikombe kuwe na kibao cha plastiki au chuma laini cha kupokea msuguano wa ncha. Sili iwe na midomo inayokumbatia mkono wa krosi. Klipu zibane, zisijizungukie kwenye mfereji. Krosi ambayo mwuzaji hakuruhusu uivue kikombe kimoja uione ndani, iache.

Mchangiaji wa pili

Niongeze kuhusu kufunga, maana krosi nzuri huuawa mezani. Kabla ya kufungua propela, weka alama kwenye flenji zote na kwenye meno ya kuteleza, kila kitu kirudi mahali pake. Msidhani kwamba yoki lazima ziwe kwenye mstari mmoja kwa kila gari. Propela ya mbele ya Toyota Land Cruiser mfululizo wa 80 hutoka kiwandani yoki zake zikiwa zimepishana kwa makusudi, na mtu akizipanga kwenye mstari kwa nia njema huleta mtetemo ambao haukuwapo.

Tumia jiliwa na soketi mbili, moja ya kusukuma na moja ya kupokea kikombe, badala ya nyundo. Unapoingiza kikombe, hakikisha mkono wa krosi umeshaingia ndani yake ili sindano zisianguke. Ukihisi kikombe kimekataa kabla klipu haijafikia mfereji wake, simama na kuvua, kwa sababu sindano moja imelala chini. Ukilazimisha, umeivunja. Baadhi ya watengenezaji, Toyota wakiwemo, huuza klipu za unene tofauti ili ulegevu wa kwenda na kurudi ubaki chini ya milimita 0.05. Chagua unene unaobana bila kulazimisha, na pande zote mbili zilingane kadiri inavyowezekana ili krosi ibaki katikati. Ukimaliza, gonga masikio ya yoki kidogo kwa nyundo ya plastiki ili vikombe vitulie dhidi ya klipu. Jointi iende pande zote kwa mkono, ikiwa na ukinzani mdogo ulio sawa. Ikikwama mahali fulani, usiifunge kwenye gari.

Mchangiaji wa nne

Swali langu la mwisho: krosi moja ikifa, nibadilishe hiyo moja au zote?

Mleta mada

Krosi za propela moja zimefanya kazi umbali uleule kwa grisi ileile, kwa hiyo ukishaitoa propela hiyo, badilisha zote mbili. Propela ya pili ikaguliwe kwa mkono kama nilivyoeleza mwanzo, na ikiwa imara, iachwe. Ukiwa na jointi pacha, angalia pia gololi ya katikati, kwa sababu mara nyingi huchoka kabla ya krosi zake. Nipeli yake, ikiwepo, imejificha na huhitaji ncha nyembamba ya bomba la grisi, kwa hiyo karakana nyingi hupita bila kuigusa. Mwulize fundi wako moja kwa moja kama ameitia grisi, na umwombe akuonyeshe mahali ilipo.

Na ikiwa gari ni Land Rover Discovery 2, usilichelewe jambo hili. Jointi pacha ya propela yake ya mbele ilitoka kiwandani bila nipeli, nayo ikikatika katika mwendo, propela hupiga kasha la giaboksi na inaweza kulitoboa. Kwenye gari hilo ningefunga jointi yenye nipeli kabla ile ya kwanza haijaanza kulia.